Huku Hoima mtoto akionekana nyumbani saa nne asubuhi, majirani wanakuchangia ada

Jamani, lile bomba la mafuta linatoka huku Hoima, Uganda, linaenda kwetu Tanga, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, sisi tukafanya kinyume, tukatoka Tanga tukaja Hoima. Baba watoto ni fundi wa kuchomelea, kazi ikamleta, mimi na watoto tukamfuata na mabegi na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mpaka leo iko stoo haijawahi kufanya kazi hata siku moja maana nazi huku mpaka uisubiri itoke safari. Huu mwaka wa tatu.

Ndugu wa nyumbani wakipiga simu wanauliza huko Uganda maisha yakoje, nawaambia mbona ni yale yale tu, ugali unaitwa posho, daladala inaitwa teksi, chapati mayai wanaikunja wanaiita rolex, ukishajua hayo umeshafika. Ila kitu kimoja huwa sikisemi kwenye simu maana nikikisema mama yangu anaanza kulia, kwamba wajukuu zake hawaendi shule. Nawasomesha mwenyewe, mezani, hapa hapa sebuleni.

Hatukupanga. Tulipofika mkubwa alikuwa katikati ya kidato cha pili, mdogo darasa la tano shule ya serikali, yaani hesabu, sayansi, kila kitu kakisoma kwa Kiswahili. Huku ni Kiingereza tupu, kwa hiyo shule tuliyoiendea ikasema hata mkubwa aanze upya na watoto wadogo mpaka lugha ikae sawa. Nakumbuka walivyomuonyesha kiti, miguu yenyewe ilikuwa haiingii chini ya dawati. Akakiangalia kile kiti, akaniangalia mimi. Nikasema basi, muhula mmoja tu tukae nyumbani tujipange. Muhula wenyewe ndio huu, haujaisha. Sasa hivi ana miaka 17, anajiandaa na mtihani wa maarifa, ile QT ya wanaosoma nje ya shule, halafu cha nne aje afanye kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba zao zinaanza na P, yeye anasema hiyo P ni ya Peke Yangu.

Sasa nyie mnaokaa Tanga hamjui bweni lilivyo huku. Bweni Uganda ni kama dini. Mtoto akishamaliza darasa la saba anafungiwa sanduku la bati, siku ya kufungua shule barabara nzima ni bodaboda, godoro limekunjwa, sanduku juu, mwanafunzi kabanwa katikati kama mkate. Kwa hiyo kijana mwenye ndevu tatu kidevuni akionekana amekaa kibarazani saa nne asubuhi na kikombe cha chai, watu wanajua moja kati ya mawili, kafukuzwa au wazazi wamekwama ada.

Basi bwana, siku moja jioni nikabishiwa hodi. Jirani yangu mmoja mama mtu mzima, tunamwita Akiiki. Hilo ni empaako, huku Bunyoro kila mtu ana jina la heshima juu ya jina lake, lipo mpaka kwenye orodha ya UNESCO tangu 2013, na ukikaa nao wanakupa na wewe. Mimi ni Adyeeri, mkubwa ni Araali, binti wakampa Abwooli, nasikia hilo lina mambo ya paka, na kwa kweli hawakukosea maana yule mtoto analala mchana na usiku anazunguka jikoni. Haya, Akiiki kaja na wamama wawili, wamevaa vizuri, wamekaa kwenye kochi wamenyooka kama wamekuja msibani. Nikaleta chai hawaigusi. Akatoa bahasha akaiweka mezani akaisukuma taratibu kwa kidole.

"Adyeeri, usione haya. Hii ni ya kuanzia tu. Huyu kijana arudi shule."

Mwili ukaniisha nguvu. Nikaanza kujieleza, kwamba jamani sijakwama ada, nawafundisha mwenyewe, tuna vitabu, tuna ratiba ukutani ile pale. Wakageuka wote watatu wakaiangalia ratiba. Kimya. Akiiki akaniuliza, "Kwa hiari yako?" Nikasema ndio. Akasema, "Sisi korona ilitufungia nao humu ndani. Machi 2020 mpaka Januari 2022. Nilikonda mimi. Sasa wewe serikali haijakufungia, ugonjwa hakuna, unakaa nao kwa hiari?" Akaichukua bahasha yake, akahesabu, akaniachia elfu kumi, kasema hiyo ni ya dawa ya kichwa.

Nilivyocheka siku ile, mpaka machozi. Lakini usiku nikafikiria kwetu ingekuwaje. Ngamiani asingechangiwa mtu. Bibi yeyote wa barazani angemshika sikio mwanangu akamburuza mpaka getini shule bila hata kuuliza ni mtoto wa nani, halafu jioni ndio aje kunisema mimi. Na hapo ndipo maoni yangu yalipo, mnaotaka kunipiga mawe anzeni kuokota. Kule nyumbani watoto wangu walilelewa na watu wengi mpaka mimi mama nikawa kama mpangaji mwenzao. Asubuhi shule, mchana madrasa, jioni mpira, usiku wamelala. Mkubwa nilikuwa namjua kwa sare yake, nikiiona imechanika mfukoni najua leo kagombana. Kule hakuwahi kumbishia mtu mzima hata mara moja nikawa nampigia debe mtaa mzima, mwanangu ana adabu. Huku ananibishia kuanzia chai ya asubuhi, na ndio nimekuja kugundua kumbe ana akili.

Mfano ni huu. Tulipoanza nikaapa darasa litaanza saa moja kamili asubuhi kama kwetu. Lakini huku saa kumi na mbili na nusu nje bado kiza, jogoo mwenyewe anawika kwa wasiwasi. Kama wiki ya tatu hivi Araali akanijia na daftari, kavaa shuka mabegani kama wakili.

"Mama, Tanga iko nyuzi ngapi mashariki?"

"Thelathini na tisa."

"Hoima?"

"Thelathini na moja."

"Tofauti nane. Dunia kila nyuzi inatumia dakika nne. Nane mara nne?"

Nikajua nimekwisha. "Thelathini na mbili."

"Kwa hiyo jua la huku linachelewa zaidi ya nusu saa, saa ya ukutani ni moja nchi zote mbili, wewe unatuamsha kwa jua la Tanga. Hii ni dhuluma."

Nikatafuta kosa sikuliona, na ningelionaje wakati somo lenyewe nilimfundisha mimi wiki iliyotangulia. Tangu siku ile darasa linaanza saa moja na dakika thelathini na mbili. Hata zile mbili hakunisamehe.

Nikajaribu na mchakamchaka. Mnaukumbuka, ule wa alfajiri, mnakimbia mnaimba shule nzima vumbi mpaka puani? Nikasema wanangu hawawezi kukua bila mchakamchaka. Tukatoka watatu, barabara ya vumbi, mimi mbele naanzisha wimbo wao wanaitikia kwa sauti ya mgonjwa. Hatujafika hata mita mia mbili vijana wa bodaboda wakawasha pikipiki wakatufuata nyuma wanapiga honi wanaitikia wao, watu wakatoka majumbani wanauliza ni kampeni ya nani. Binti alirudi akajifungia chumbani, akasema hatatoka mpaka tuhame wilaya. Mchakamchaka ukafa siku hiyo hiyo.

Huyo binti ndiye hasa kiboko. Asubuhi moja nakuta bahasha chini ya kikombe changu, imeandikwa Kwa Mwalimu wa Darasa. Nafungua: "Naomba umruhusu binti yangu asihudhurie kipindi cha hisabati leo kwa sababu usiku hakulala vizuri. Wako, Mzazi." Na chini sahihi yangu, mimi mwenyewe, na ule mkia wake wote kaupatia. Yaani mtoto kaghushi sahihi yangu kwenye barua anayoniandikia mimi! Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika MZAZI AFIKE SHULENI MARA MOJA, nikamrudishia. Akaisoma bila kucheka, akasema, "Mwalimu, mzazi ameshafika. Yuko jikoni anaunguza maharage." Nikasema usinichezee. Halafu nikasikia harufu.

Maana hiyo ndiyo shida ya shule hii, mwalimu ni mimi, mpishi mimi, mlinzi mimi, na mwalimu mkuu yuko kambini kwenye bomba anarudi baada ya wiki tatu, ukimpigia kushtaki anasema wakazie, halafu anauliza leo mnakula nini. Kikao cha wazazi tunafanya kitandani na kinaisha dakika tano mjumbe mmoja anakoroma. Na hesabu zenyewe za sekondari niliziacha zamani, naamka usiku nazisoma kwenye simu sauti nimeibana, najifanya mjuzi asubuhi. Juzi Araali kaniuliza taratibu kabisa, "Mama, jana usiku ulikuwa unagombana na logi?"

Kiswahili ndio somo nililokuwa na uhakika nalo, mtu wa Tanga nishindwe Kiswahili? Nimeshindwa. Huku Kiswahili kina historia yake, watu wazima wengi wanakihusisha na jeshi na polisi, Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, lakini mtaani bado ukikiongea sana kuna mtu anasimama wima. Araali sauti ilipomvunjika nikamtuma sokoni nyanya. Akauliza bei kwa Kiswahili chake cha baharini na lile besi jipya, mama wa watu akajibu "ndio afande", akamwongezea na vitunguu. Toka hapo sokoni namtuma yeye.

Lakini Abwooli yeye kachukua cha hapa. Bibi yake kapiga simu toka Tanga, mtoto anamwambia, "Bibi, kitabu yangu imepotea lakini ile ingine iko." Upande wa pili kimya. Halafu nikamsikia mama yangu, "Nani huyu? Nipe mjukuu wangu." Nikaambiwa nimempeleka mtoto ugenini ngeli zikamdondoka njiani. Nikamchukulia hatua, insha tatu kwa wiki. Akajifunza kitu kingine badala yake, watoto wa kike huku wanapiga magoti kusalimia wakubwa, sasa akitaka bando anapiga magoti na shikamoo juu yake, vyote viwili kwa mpigo, hapo najua ni GB nzima anaitaka.

Sio kwamba ni raha tupu, nisiwadanganye. Wanakosa wenzao. Abwooli aliniambia siku moja, kila mtihani mimi ndio wa kwanza, na mimi ndio wa mwisho, akacheka lakini macho hayakucheka. Wanaikosa bahari, Raskazone ile ya Jumapili, huku kuna ziwa Albert, wenyeji wanaliita Mwitanzige, zuri sana kwa macho, ila mamba nao wanaliona zuri. Kwa upande wa pili kule nyumbani ningewaambia habari za Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, kwa mistari miwili ya daftari, huku tumetembea mpaka Mparo kwenye kaburi lake, na Araali njia nzima akawa anamlinganisha na Abushiri wetu wa Pangani, nani alipigana sana, mpaka wakakaribia kupigana wao.

Na rolex, nimesahau. Nilimpa Araali kazi ya mradi wa biashara, akakae na kijana wa rolex pale njia panda, ahesabu unga, mayai, mafuta, faida. Nikampa na pesa kidogo za mtaji anunue vifaa. Karudi saa kumi jioni, ripoti kurasa mbili, imepangika, faida iko wazi. Mtaji uko wapi? Kashika tumbo.

Sasa sikilizeni kilichotokea Desemba. Kijana wa Akiiki alikuwa kamaliza S4, yaani kidato cha nne cha huku, likizo yao ile ndefu, yuko nyumbani tu. Akiiki akaja, safari hii chai akainywa. "Adyeeri, huyu anakaa bure mpaka Februari. Mfundishe Kiswahili, kitamsaidia kwenye kazi za bomba." Nikasema aje Jumatatu.

Jumatatu nafungua mlango, kijana kasimama kanyooka, kachomekea, na begi mgongoni. Mikononi kabeba fagio mbili, jembe, karatasi za chooni na rimu ya karatasi nyeupe. Mama yake kamfungashia kama anavyomfungashiaga kila muhula. Nikakosa la kusema. Araali akazipokea moja moja kwa heshima zote, akaziandika kwenye daftari, akampeleka kumuonyesha bweni, yaani kochi. Abwooli akamnong'oneza, ila nilisikia.

"Darasa linaanza saa moja na dakika thelathini na mbili. Na ukisikia harufu, usiogope, ni maharage."