Bi Kidude na hoja ya umri jukwaani

Tangu mwimbaji wa taarabu Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu, afariki dunia Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, kuna hoja moja ambayo haijazimika, nayo huibuka upya kila mwimbaji mkongwe wa muziki wa asili anapotangazwa kupanda jukwaani: je, ilikuwa haki kwa bibi wa umri ule kuendelea kuimba hadharani, nyumbani na ng'ambo, hadi miaka yake ya mwisho? Wapo wanaosema alitumiwa, na wapo wanaosema aliachwa afanye kazi yake.

Wanaolalamika wana hoja. Safari ndefu za ndege, baridi ya Ulaya na maonyesho ya usiku wa manane si mambo mepesi kwa mwili uliochoka, na waandaaji walijua fika kwamba tangazo la mwimbaji mwenye umri mkubwa kiasi kile huvuta watu hata wasiojua taarabu ni nini. Mwaka 2012 mabishano yalifika hadharani, ndugu wakisema mzee anaumwa na hawezi tena kuimba, na baadhi ya watu wa muziki wakitilia shaka maelezo hayo.

Hata hivyo, hoja hiyo karibu yote imeegemea namba ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Umri wa Bi Kidude haukujulikana. Ushahidi uliozoeleka ni kauli yake kwamba alizaliwa wakati wa rupia, lakini Zanzibar ilitumia rupia hadi mwaka 1936, ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kauli hiyo peke yake haifungi hesabu. Masimulizi ya kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akizunguka bara miguu mitupu, akiwa amekwishaikimbia ndoa ya kulazimishwa, ndiyo yanayousogeza mwaka wa kuzaliwa nyuma hadi miaka ya 1910. Ukishika hesabu moja, mwanamke aliyepokea tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, mwaka 2005 alikuwa na miaka 90 na ushei. Ukishika nyingine, huenda alikuwa bado hajafika huko. Namba ileile iliyopambwa kwenye mabango ndiyo iliyotumiwa na waliomhurumia kudai akae nyumbani, na pande zote mbili zilisahau kumtazama mtu mwenyewe alivyokuwa anafanya kazi.

Na kazi ilionekana. Katika unyago alijifunga kiunoni ngoma ndefu, akaipanda, akaipiga kwa viganja huku akiimba, jambo ambalo linataka mgongo, mapaja na pumzi. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, ni kweli, lakini anayeupima uimbaji ule kwa ulaini anapima kisichokuwepo tangu mwanzo, kwa sababu nguvu yake ilikuwa katika kulitupa neno mpaka limfikie aliyeketi nyuma kabisa. Nyimbo nyingi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyemtangulia na aliyefariki mwaka 1950, Bi Kidude alizichukua kwa kusikiliza, wala hakuzisoma popote. Elimu ya namna hiyo hupokezanwa pale pale inapotendwa. Kurekodi kunahifadhi wimbo, lakini hakumwonyeshi mwanagenzi lini avute pumzi wala namna ya kujibizana na waitikiaji.

Kuna pia suala la riziki, ambalo wanaotaka wakongwe wapumzike hulipita haraka mno. Nyimbo za kurithi hazina mtunzi anayeweza kudai mirabaha, na mwimbaji wa taarabu wa kizazi kile hakuwa na pensheni. Alichokuwa nacho ni malipo ya onyesho na kutunzwa: mtu anainuka kitini, anakwenda mbele kwa madaha, anamtunza mwimbaji noti, anarudi kukaa huku ubeti ukiendelea. Ukimwondoa jukwaani kwa jina la heshima, umemwondolea kipato na umemwacha mikononi mwa wasaidizi, ambao nao wana maslahi yao.

Sikubaliani, kwa hiyo, na wanaoona kuendelea kwake kuwa dalili ya kuonewa. Binti aliyekataa kuozwa kwa nguvu, akaondoka kwao na kujipatia maisha kwa sauti yake, ndiye aliyekuwa na haki ya kusema basi. Kasoro ninayoiona iko katika mikataba. Onyesho lichukue muda gani, nani asafiri naye, daktari awepo au asiwepo, na fedha ziingie mkononi mwa nani: hayo yangeandikwa akiwa mzima na mwenye kauli, pamoja na jina la mtu anayemwamini yeye mwenyewe wa kumsemea siku atakaposhindwa, ndugu na waandaaji wa mwaka 2012 wangekuwa na karatasi ya kurejea badala ya kuvutana juu ya mgonjwa.