Hiyo miezi mitatu ya kansa ya tumbo tunaisoma vibaya

Kila yakitoka majibu ya kuchanganya dawa mpya kwa kansa ya tumbo iliyosambaa, watu wanaguna: yani hela yote hiyo mgonjwa kaongezewa miezi mitatu tu? Na namba hawajaitunga. Ule utafiti mkubwa wa CheckMate 649 uliochapishwa 2021 ulikuwa na wagonjwa 1,581 wa kansa ya tumbo na ya koo la chakula, nusu wakapewa kemo tupu, nusu kemo pamoja na nivolumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili iishambulie kansa. Kwa wenye alama ya kutosha ya PD-L1 kwenye uvimbe, yani protini ambayo kansa inaitumia kujificha na kinga, kemo tupu ilitoa miezi 11.1 ya kuishi, mchanganyiko 14.4. Wengi wanafunga hesabu hapo.

Sasa hiyo 14.4 ni ya nani? Ni ya mtu wa katikati. Wapange wagonjwa mstari mmoja kuanzia aliyetangulia kufariki mpaka yule ambaye bado yupo, alafu mshike wa katikati, huyo ndo katangazwa, na waliomzidi hata waishi miaka mingapi namba haibadiliki hata kidogo. Wakati mi naona hao ndo habari yenyewe! Kwenye kundi hilohilo la wenye alama, baada ya miaka 5 walikuwa hai 16 katika kila 100 waliopata mchanganyiko, kwa kemo tupu 6. Mzazi anaambiwa kansa imeshafika kwenye ini, mtoto yuko darasa la pili, na yupo anamwona akifanya mtihani wa la saba. Utamwambia ni miezi mitatu?

Wanaoguna wana hoja lakini. Asiye na hiyo alama hafaidiki sana, ndo maana Septemba 2024 washauri wengi wa FDA, mamlaka ya dawa kule Marekani, walipiga kura kwamba kwa wagonjwa wa kansa ya tumbo ambao kipimo chao cha alama kiko chini ya 1 faida haizidi hatari. Kinga ikishaamka inaweza kugeukia mapafu, utumbo au tezi za mgonjwa mwenyewe. Bei ndo usiseme.

Alafu kuna letu sisi. Ukanda wetu huu, kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Malawi, umejaa kansa ya koo la chakula ya aina nyingine, inayoanzia kwenye ngozi ya ndani ya koo, na mgonjwa anafika hospitali hata uji haupiti, wakati tafiti hizi zinachukua wenye nguvu zao. Aina hiyo nayo ilijaribiwa kwenye utafiti mwingine, CheckMate 648, wagonjwa 970, mchanganyiko ukatoa miezi 13.2, kemo tupu 10.7, ila karibu asilimia 70 walitoka Asia. Kwa hiyo ukiniambia hatujui zitafanyaje kwa mgonjwa wa Bomet kule Kenya nakubaliana na wewe kabisa, na ndo sababu nataka majaribio yafike Bomet, yaanze na huyo asiyemeza uji, wamzibue koo kwanza apate nguvu alafu ndo wamhesabu.