Mnada wa chai Dar: nafuu ifike hadi kwenye jani bichi

Tangu Novemba 2023 chai ya Tanzania ina mnada wake Dar es Salaam. Kabla ya hapo, chai iliyopigwa mnada ilipelekwa Mombasa. Wanaoutetea mnada huu wana hoja nzito, na wenye shaka nao wana zao.

Tuanze na barabara. Chai kavu ya Tukuyu hupanda hadi Uyole, ikapita Makambako, Iringa na Morogoro, karibu kilomita 900 mpaka Dar. Kuifikisha Mombasa ni kuongeza kama kilomita 300 nyingine na kuvuka mpaka Horohoro. Ukikiondoa kipande hicho umeokoa mafuta, siku na makaratasi. Kwa chai ya Usambara nafuu hiyo ni ndogo, maana ukiwa Korogwe, Dar na Mombasa hazipishani sana kwa umbali.

Upande wa pili ni wanunuzi. Mchanganyaji, yaani kampuni inayochanganya chai mbalimbali kabla ya kuzipakia, hanunui chai ya nchi moja. Anatafuta rangi huku, ukali kule, na ya bei nafuu ya kujazia. Mombasa anazikuta za Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mahali pamoja. Kenya peke yake huzalisha zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka, sisi kwa kawaida kati ya 20,000 na 40,000. Wanunuzi wakiwa wachache, wawili tu wasipotaja bei, chai inarudi ghalani. Na ghala la pwani halisamehe: chai hutoka kwenye kikausho na unyevu wa asilimia 3 hivi, nayo hufyonza unyevu wa hewa na harufu yoyote iliyo jirani. Mifuko ikikaa sakafuni au ikigusa ukuta, mwonjaji atalijua kosa hilo kwa kijiko kimoja.

Lakini mjadala huu wa Dar na Mombasa unasahau kwamba sehemu kubwa ya bei imeshaamuliwa mlimani. Chai nzuri ni majani mawili na chipukizi, yaliyochumwa kila baada ya siku 7 hadi 14 kulingana na msimu. Mzunguko ukirefuka, jani linakomaa, nyuzi zinaongezeka, na chai inashuka daraja. Yakishindiliwa kwenye gunia na gari likachelewa kwa tope, yanapata joto na kugeuka mekundu kabla hayajafika kwenye vitanda vya kunyaushia. Hakuna dalali wa kuyarekebisha hayo.

Halafu kuna hesabu ya mkulima. Kilo moja ya chai kavu hula kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi. Tuseme mnada wa Dar umeokoa shilingi 90 kwa kilo ya chai kavu: hata kiwanda kikizitoa zote, mkulima anapata shilingi 20 kwa kilo ya jani. Si haba, ila anayelipwa baada ya miezi mitatu hataziona, kwa kuwa riba ya duka la mbolea itakuwa imezimeza. Ndiyo maana Rungwe na Njombe parachichi linawavuta watu, ingawa chai ndiyo inayoweza kuleta fedha karibu kila mwezi. Kiwanda nacho kikisimama, kama cha Mponde kule Bumbuli mwaka 2013, jani halina pa kwenda. Haliwekwi ghalani kama mahindi, na mama ntilie na bodaboda wa mji mzima wanalia pamoja na mkulima.

Kwa maoni yetu mnada wa Dar ubaki, lakini chai isilazimishwe kupita hapo mpaka wanunuzi waongezeke. Na stakabadhi ya malipo ya mkulima ionyeshe mambo matatu: daraja la majani yake, wastani wa bei ya mnada ya mwezi huo, na tarehe ambayo kiwanda kimelipwa. Akiwa na hayo, kwenye mkutano wa AMCOS, chama chake cha ushirika, atauliza kwa takwimu fedha zilikaa wapi.