Siku niliyotolewa mapepo Arboretum

Kwanza mjue mimi ni wa Kayole, mtaa wa hapa Nairobi, nimezaliwa huko nikakulia huko, na mti wa karibu niliokuwa nao utotoni ulikuwa nguzo ya stima. Kwa hivyo sijui ni nini kilinipata siku ile hadi nikamwambia mamake mpenzi wangu kwa simu, tena bila kuulizwa, ati "Mimi Mama napenda sana miti." Yule mama ana kitalu cha miche huko Murang'a. Ameanza kuuza miche mimi sijazaliwa. Akafurahi, akasema basi akija Nairobi kuniona tusikae kwa nyumba, nimpeleke kule Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, amekuwa akiisikia tu.

Mpenzi wangu alikuwa amekaa hapo kando. Nilipokata simu akaniangalia tu.

"Wewe? Si wewe ndio uliua aloe vera yangu na majani ya chai?"

Nikamwambia atulie, mwanaume hujipanga. Na kweli Ijumaa usiku nilijipanga, nikalala na simu usoni nikisoma kama mtu ana mtihani. Nikajua Arboretum ilianzishwa 1907, kwamba enzi hizo injini za reli zilikuwa zinakula kuni na misitu ya kienyeji ikawa inaisha, ndio wakoloni wakaanza kujaribu hapo miti ya kutoka nje inayokua haraka. Nikajua ni ekari kama 75 na aina za miti zimepita 350. Historia niliishika yote. Kitu sikuangalia hata kidogo ni miti yenyewe inakaaje.

Jumamosi, mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi ya kuvaa jaketi mbili na bado unatetemeka. Mimi nilikuwa na kikohozi cha wiki nzima, kile kikavu cha kufanya watu wakuhame kwa matatu. Mama alishuka tao na kiondo kimejaa: thamosi ya chai, mandazi kwa karatasi, ndizi, na chupa ya plastiki ya lita mbili imejaa maji ya kwao, kwa sababu haamini maji ya Nairobi. Tukatembea pole pole, State House Road yote, mimi mbele nikikohoa na kueleza reli.

Pale getini askari akaona ile chupa. Akamwambia kwa heshima kabisa, "Mama, plastiki haziingii." Ni ile sheria ya tangu Juni 2020, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa misitu na mbuga. Mama akataka kujua kama anaweza kuyanywa yote hapo kwanza, lita mbili, na nawaambia alikuwa serious, tukamtuliza. Chupa ikabaki kwa askari. Muikumbuke hiyo chupa.

Ndani ni pazuri, siwezi danganya. Kelele ya mji inabaki huko nje, miti imekwenda juu mpaka unaumwa na shingo, kima wanaruka huku na huku (sisi wa Eastlands tunawaita wote nyani, lakini Mama alinirekebisha). Na kwa kuwa ni Jumamosi, kila penye kivuli kuna watu. Wengine wanapiga picha, wengine wako kwa blanketi wakilishana njugu, na wengine, hao ndio wengi, wanaomba. Kama hujawahi kufika Arboretum wikendi hujui maombi. Mtu anatembea peke yake mbele na nyuma, amekunja ngumi, anamkemea shetani kama vile shetani amekataa kulipa deni.

Nikamwaga historia yangu yote kwa dakika tano. Mama alisikiza vizuri, nilipofika mwisho akasema, "Kwa hivyo hili lilikuwa shamba la kuni." Basi. Mambo ya 1907 yakaisha hapo na saa bado ilikuwa nne na nusu.

Akasimama kwa mti mmoja mrefu, akaushika kama mtu anasalimia jirani. "Na huu kijana, mnauitaje?"

"Jacaranda," nikasema.

"Huu ni mukima."

Mpenzi wangu akaangalia pembeni. Baadaye nikaja kujua mukima ndio ule mti uko kwa kila mpaka wa shamba Murang'a yote, yaani ni kama mtu wa Nairobi ashindwe kutambua matatu. Tukaenda mbele, akaniuliza mwingine, nikafikiria, nikasema huu sasa ndio jacaranda. Ulikuwa mukinduri. Wa tatu nikanyamaza nikakohoa, nikajifanya kikohozi kimenizidi. Huo ndio ulikuwa jacaranda.

Pale kwa mugumo nilijikomboa kidogo kwa sababu mugumo naujua, si ndio ule wazee husema ukiuzunguka mara saba unabadilika kutoka mwanaume kuwa mwanamke, nikaieleza hiyo na madoido. Mama akacheka. Nikaona hapa sasa nimepata nafasi. Na mtu akishaona amepata nafasi ndio huharibu.

Tukafika kwa mti fulani wa majani ya kung'aa, Mama akasimama, uso ukabadilika. "Muthiga," akasema, na sauti ya kanisa.

Sasa mimi Muthiga niliyoijua ni stage, iko Waiyaki Way ukipita Kinoo. Lakini nilikuwa nimechoka kuaibika. Nikasema, "Aaah, muthiga! Huu ndio najua. Kwetu tunatafuna sana."

Mpenzi wangu akauliza, "Kwenu Kayole?"

Mama hakusikia hayo. Alikuwa ameshaingiza mkono kwa kiondo, akatoa leso, akaifungua mafundo, ndani kuna vipande vya gome kavu rangi ya kahawia. Kumbe hutembea nayo. Akasema amekuwa akisikia kikohozi changu tangu tao na kinamuumiza roho, nichukue nitafune. Akanyoosha leso. Nadhani alitaka nichague kimoja. Mimi, mtu wa kwetu tunatafuna sana, nikachukua vitatu na nikavitia mdomoni vyote pamoja.

Sekunde chache za kwanza hakuna kitu. Ni kama kutafuna penseli. Nikatafuna nikitikisa kichwa, nikisema mmh, hii ni ile yenyewe. Mama akaniangalia kwa mshangao na naweza sema kwa heshima.

Halafu ikafika.

Sijui niwaambie nini. Mimi nimekula pilipili, nimekula hadi ile ya kachumbari ya kwa base yetu inayofanya watu wazima walie. Hii si pilipili. Pilipili inakuchoma ikiwa nje ya roho yako. Hii iliingia kwa ulimi, ikapanda puani, ikazunguka masikio, ikarudi kooni ikakaa. Machozi yakaanza yenyewe, mate yakaanza yenyewe, ulimi ukafa ganzi. Kutema sikuweza kwa sababu ningetema mbele ya mama mkwe mtarajiwa, dawa yake, iliyotoka kwa leso yake. Kwa hivyo, na hapa ndio akili yangu yote inaonekana, nikameza.

Nikaomba maji kwa ishara. Yako wapi? Getini kwa askari. Iliyoko ni chai, imetoka kwa thamosi ikitoa moshi, nikaipiga fundo moja kubwa, na chai moto juu ya muthiga ni kama kumwagia mafuta ya taa jiko linalowaka. Nikatoa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Kima wote juu ya ule mti wakahama.

Nikakimbia. Sijui nilikuwa naenda wapi, nafikiri nilikuwa natafuta mto. Nikapita watu wa picha, nikaruka blanketi la wapenzi, na nikatokea katikati ya kikundi cha maombi, watu kama kumi na wawili wameshikana mikono duara, wamefunga macho. Nikaanguka magoti hapo kati. Mate yananitoka, macho mekundu, ulimi uko nje. Nikakusanya nguvu zote nikalia:

"Maji! Nisaidieni!"

Lakini kwa ulimi ule, na bila kupumua kati, ilitoka neno moja. "Majinisaidieni!"

Duara lote likafungua macho. Kukanyamaza kidogo, halafu mwanaume mmoja wa suti kubwa ya kijivu akainua Biblia juu. "Mmesikia? MAJINI! Yamejitaja yenyewe!"

Jamani. Nilikuwa na mikono kumi na miwili kichwani kabla sijapepesa macho. "Toka! Toka!" Mimi natikisa kichwa kusema hapana, wao wanaona yanapigana. Nikajaribu kueleza, nikasema nimetafuna mti. Ulimi ulikuwa umekufa, nawaambia, ile "i" ya mwisho haikutoka. Kilichosikika ni "Nimetafuna mtu."

Mama mmoja akapiga nduru. Mwingine akauliza, "Nani?" Na yule wa suti, mtu wa kazi yake kweli, akashuka chini kabisa karibu na sikio langu akauliza kwa sauti nzito, "Mko wangapi?"

Nikainua vidole vitatu. Nilimaanisha vipande.

"WATATU!" wakapiga kelele wote, na hapo maombi yakaanza upya na gia ingine, nikamwagiwa mafuta, mtu akanishika miguu nisipae. Katikati ya hayo nikaona viatu vya Mama vimefika, na kiondo. Nikasema asante Mungu, sasa ataeleza. Yule wa suti akamuuliza, "Mama, huyu ni mtoto wako?"

Mama akanitazama pale chini. Akafikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Bado," akasema.

Aliyeniokoa ni mpenzi wangu, na alichelewa kwa sababu alikuwa amekaa chini mahali anacheka, alikubali mwenyewe baadaye. Alifika akawaambia amekula muthiga. Wazee wawili kwa lile duara wakasema "aaaah" kwa pamoja, wakaondoa mikono, mmoja akaniuliza, "Vipande vingapi?" na nilipoinua tena vile vidole vitatu akashika kichwa chake. Yule wa suti hakukubali kushindwa lakini. Alisema muthiga ni muthiga, ila kuna kitu kimetoka hapo, yeye amekiona kikienda upande wa Kileleshwa.

Mama akanikalisha kwa mzizi, akamimina chai kwa kikombe, akaimwaga kwa kifuniko, akairudisha kwa kikombe, hivyo hivyo mpaka ikapoa, akaninywesha kidogo kidogo kama mtoto. Akafungua mandazi nimalizie makali. Kima akashuka, akachukua karatasi nzima mikononi mwake, akapanda nayo. Hakuna aliyeongea. Tukakaa tukimwangalia akila.

Kutoka, askari akamrudishia Mama chupa yake na akaniangalia, shati limelowa mafuta na mate, majani kwa nywele. Sikungoja aulize. Nilikunywa lita mbili zote hapo hapo getini nikiwa nimesimama.

Kwa matatu tukakaa kiti cha nyuma, mimi katikati. Mama akafungua leso, akatoa kipande kimoja, akakivunja kipande kidogo cha ukubwa wa punje ya mchele, akakiweka chini ya ulimi na kufunga tena mafundo yake. Hakusema kitu mpaka tukafika round about.

"Lakini kijana," akasema, "kikohozi je?"

Nikajaribu kukohoa. Nikajaribu tena. Hakuna.

"Eeh," akasema, akaangalia dirishani.