Jesse Owens alishinda mbio, ubaguzi ni habari nyingine

Kila ukianza mjadala wa wanamichezo waliopambana na ubaguzi wa rangi, jina la Jesse Owens halikosi, na hadithi inaletwa vilevile miaka yote: kijana mweusi wa Marekani, mkimbiaji, kaenda Olimpiki ya Berlin 1936, kabeba dhahabu nne, Hitler kanuna kakataa kumpa mkono, na nadharia ya ubora wa mzungu ikafia palepale uwanjani. Tamu kweli. Shida yake ni kwamba mkosaji anabaki mmoja tu, Hitler, halafu Marekani inatoka safi kama haikuhusika, wakati ukifuatilia maisha ya huyu jamaa kabla na baada ya ile Agosti ya Berlin unakuta waliomnyanyasa kwa muda mrefu zaidi walikuwa wa nchi yake mwenyewe.

Tuanze na kumpa haki yake maana kwenye kukimbia hakuna ubishi. Tarehe 25 Mei 1935 pale Ann Arbor, Michigan, akiwa na maumivu ya mgongo, ndani ya dakika kama 45 hivi alivunja rekodi tatu za dunia na kuifikia ya nne, yaani mchana mmoja, mashindano ya vyuo tu. Ile ya kuruka mbali, mita 8.13, ilikaa miaka 25 mpaka Ralph Boston alipokuja kuivunja 1960. Na huyo ndo mwanafunzi ambaye pale chuo kikuu cha Ohio State hakuwa na udhamini wa masomo, hakuruhusiwa kulala bwenini na wazungu, timu ikisafiri anatafuta sehemu ya weusi ya kula na kulala, na ada alikuwa anaitafuta kwa vibarua kama kuendesha lifti kwenye jengo la bunge la jimbo. Hivyo Berlin haikumfundisha ubaguzi, alizaliwa nao Alabama 1913 kwenye familia ya wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba.

Sasa hilo la mkono. Siku ya kwanza ya riadha Hitler aliwapongeza washindi wachache, Wajerumani na Wafini, akaondoka kabla ya Cornelius Johnson, Mmarekani mweusi, kupewa dhahabu yake ya kuruka juu. Wakuu wa Olimpiki wakamwambia pongeza wote au usipongeze yeyote hadharani, akachagua la pili. Owens alishinda mita 100 kesho yake, kwa hiyo kama kuna mtu alikwepwa ni Johnson, ambaye leo hata jina lake watu hawalijui. Owens mwenyewe baadaye mwaka huohuo alisema waziwazi kwamba aliyempuuza siyo Hitler, ni rais wa nchi yake, hata telegramu hakutuma. Ila tuwe wakweli, maneno hayo aliyasema akiwa anampigia kampeni Alf Landon aliyekuwa anashindana na rais huyo, Roosevelt, kwenye uchaguzi, kwa hiyo na siasa ilikuwemo. Lakini siasa haifuti ukweli, Ikulu haikumwalika na telegramu haikuja.

Upande wa pili, wa wanaosema ushindi wa Berlin ulikuwa na maana kubwa, una hoja nzito na sipendi watu wanavyoupita haraka. Kabla ya michezo kulikuwa na vuguvugu kubwa Marekani la kususia Berlin, na hata Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, aliandika barua ya kumwomba Owens asiende. Swali lililokuwa linawauma weusi wengi lilikuwa moja: tususie ubaguzi wa Ujerumani halafu turudi kuishi kwenye wa kwetu? Wakaenda weusi 18, na wakafanya kazi. Mita 100 Owens wa kwanza na Ralph Metcalfe wa pili, mita 200 Owens wa kwanza na Mack Robinson wa pili. Kwa mtoto mweusi wa enzi zile, ambaye kila kitu kuanzia shule mpaka gazeti kinamwambia yeye ni wa chini, kuona hivyo si jambo dogo, na wanaosema medali hazikubadilisha chochote nadhani wanahesabu sheria tu wanasahau watu. Halafu kuna Luz Long, Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili kwenye kuruka mbali, aliyempongeza na kutembea naye wameshikana mikono mbele ya uwanja mzima. Ile stori kwamba Long alimwelekeza mahali pa kurukia ili afuzu wanahistoria wengi wanaitilia shaka, ila ile ya kushikana mikono ina picha kabisa.

Ninapogoma ni kwenye lile neno kwamba "aliiua" nadharia ya Manazi. Jedwali la medali la 1936 anayeongoza ni Ujerumani, dhahabu 33 kwa 24 za Marekani, kwa hiyo Manazi walirudi nyumbani wanasherehekea, na ushindi wa weusi wakauelezea kwa matusi yaleyale kwamba hao ni watu wa asili tu wana misuli. Ubaguzi una jibu kwa kila kitu, ukishindwa wewe ni dhaifu, ukishinda wewe ni mnyama, sasa mita 100 zitaumaliza vipi?

Na ile dhahabu ya nne ndo inanitatiza zaidi. Mbio za kupokezana vijiti Owens na Metcalfe hawakupangwa awali, waliingizwa dakika za mwisho na waliotolewa ni Marty Glickman na Sam Stoller, Wayahudi pekee kwenye timu ya riadha ya Marekani. Makocha walijitetea kwamba Wajerumani wanaficha wakimbiaji hatari, lakini Marekani ilishinda kwa mbali na rekodi ya dunia ya sekunde 39.8. Glickman alisimulia kwamba Owens alijaribu kupinga, akasema ana tatu tayari waacheni hawa wakimbie, akaambiwa afanye anachoagizwa. Yaani medali inayokamilisha hadithi ya kushinda ubaguzi, yenyewe imenuka ubaguzi, na hapo Owens hana lawama ila viongozi wake wanayo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka na vibaya. Alikataa kuendelea na ziara ya Ulaya ambayo wakubwa wa riadha walikuwa wanaingiza pesa kupitia yeye, wakamvua hadhi ya mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa, ambayo bila hiyo huruhusiwi kushindana, na kukimbia mashindano rasmi kukaishia hapo akiwa na miaka 22. New York walimfanyia maandamano ya shangwe barabarani, alipofika hoteli ya Waldorf Astoria kwenye hafla yake mwenyewe akapandishwa kwa lifti ya mizigo. Desemba akawa Havana anashindana mbio na farasi kwa malipo, na alipoulizwa kama hakuona aibu alijibu kwamba ana medali nne lakini medali haziliki. Mack Robinson naye, wa pili mita 200, aliishia kufagia barabara Pasadena.

Kuna wanaomshusha hadhi kwa sababu ya 1968, wakimbiaji weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos walipoinua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi kwenye Olimpiki ya Mexico, na Owens akatumwa na kamati ya Olimpiki ya Marekani kwenda kuwatuliza wanariadha weusi. Hakueleweka kabisa, na 1970 akaandika kitabu cha kuwashambulia wanaharakati. Hilo ni kosa, wala sitalipamba. Ila 1972 akatoa kingine akakiri kwamba amebadilika na kwamba vijana walikuwa na haki ya kukasirika. Mtu aliyepitia lifti ya mizigo na farasi, ambaye maisha yake yote mkate wake ulitegemea mapenzi ya wazungu wenye kampuni na kamati, kumtegemea awe wa kwanza kuinua ngumi ni kumdai zaidi ya tunavyowadai wengine, na wanaomwita msaliti wangeanza na wakuu wa Olimpiki kama kina Avery Brundage, waliokuwa na madaraka 1936 na bado wanayo 1968.