Waziri wa Ulinzi: jeshi si lake, lawama ni zake

Usiku wa Februari 16, 2011 mabomu yalianza kulipuka ghalani katika kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Vyuma viliruka vikatua kwenye mapaa ya watu mbali na kambi. Watu walitoka mbio gizani wakiwa na watoto mgongoni, wengine wakapotezana na watoto wao njiani, na maelfu wakaishia kulala Uwanja wa Uhuru. Zaidi ya watu 20 walikufa. Na haikuwa mara ya kwanza: Aprili 29, 2009 ghala jingine la jeshi lilikuwa limelipuka Mbagala, nako watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Mara zote mbili Waziri wa Ulinzi alikuwa Dk. Hussein Mwinyi. Wapinzani, wanaharakati na watu wa kawaida walipaza sauti wakitaka yeye na Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Davis Mwamunyange, waachie ngazi. Hakuna aliyeachia. Na kwa kuwa mambo ya kale hayasahauliki hapa kwetu, jina la baba yake Dk. Mwinyi likaanza kutajwa. Mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watu kuteswa na wengine kufa mikononi mwa polisi na maofisa usalama huko Mwanza na Shinyanga. Mzee Mwinyi hakumpiga mtu wala hakutoa amri ya mtu kupigwa. Aliondoka kwa sababu yaliyotokea yalitokea ndani ya wizara aliyopewa dhamana.

Ulinganisho huo wa baba na mwana ulinoga midomoni mwa watu, ila ulikuwa na upungufu. Polisi na jeshi si kitu kimoja, na cheo cha Waziri wa Ulinzi kina utata wake ambao mawaziri wengine hawana.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 33 inamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 148 inampa yeye madaraka ya kuyaamuru majeshi na ya kuteua viongozi wake. Kutangaza hali ya vita ni mamlaka yake pia, chini ya ibara ya 44. Kutoka kwa Rais amri inakwenda kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, kisha inateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa koplo aliyeko lindoni. Waziri hayumo katika mnyororo huo. Hawezi kuhamisha kikosi, hawezi kumpandisha cheo luteni, hawezi kumwambia mkuu wa kambi afungue ghala akague.

Sasa njoo bungeni wakati wa bajeti. Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ina mafungu matatu: Fungu 38, ambalo ni Ngome, yaani jeshi lenyewe, Fungu 39, JKT, na Fungu 57, wizara. Anayesimama kuyaombea yote matatu ni waziri mmoja, mbunge kama wabunge wengine, kwa kuwa ibara ya 55 inataka mawaziri watokane na wabunge. Yeye ndiye anayeulizwa kwa nini wazabuni hawajalipwa, kwa nini mpaka wa kambi umeingia kwenye shamba la mwananchi, fidia italipwa lini, vijana waliojitolea JKT watapata ajira lini. Majenerali wanakaa pembeni, kimya. Fedha za jeshi anaziomba mtu asiyeliamuru jeshi.

Mpangilio huu haukuja kwa bahati mbaya. Alfajiri ya Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, leo Lugalo, waliasi. Walitaka nyongeza ya mishahara na walitaka maofisa Waingereza waondoke. Mwalimu Nyerere na makamu wake Rashidi Kawawa walifichwa mahali pa usalama. Aliyekwenda kuonana na waasi kambini alikuwa Oscar Kambona, waziri aliyekuwa ameshika Mambo ya Nje pamoja na Ulinzi. Kwa siku mbili hivi, Serikali ya Tanganyika ilikuwa ni Kambona na maneno yake. Siku tatu baadaye askari wa Uganda nao wakaasi Jinja, wakamshikilia Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, aliyekwenda kuzungumza nao, mpaka akakubali madai yao. Huku kwetu maasi yalizimwa Januari 25 na makomandoo wa Uingereza walioshuka kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, jambo lililomuuma Mwalimu kuliko maasi yenyewe, naamini.

Waasi walifukuzwa, jeshi likavunjwa, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, ikichukua vijana wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU. Yapo mafunzo mawili ambayo yangeweza kutolewa na mwaka ule. La kwanza: waziri apewe nguvu zaidi juu ya jeshi ili siku nyingine aweze kuzuia. La pili: mtu mwingine yeyote asiwe na nguvu juu ya jeshi isipokuwa Rais. Tanzania ilichagua la pili. Na kwa haki kabisa, uchaguzi huo umetufaa. Wakati majirani wakipinduana, hakuna waziri wa ulinzi wa Tanzania aliyewahi kuwa na jeshi lake mfukoni. Uganda ilionja upande wa pili wa sarafu: Rais Godfrey Binaisa alimhamisha Yoweri Museveni kutoka wizara ya ulinzi mwishoni mwa 1979, na Mei 1980 alipojaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, Oyite Ojok, aliondolewa yeye.

Hata vita vya Kagera, dhidi ya Idi Amin wa Uganda, vilipigwa kwa mpangilio huu. Kawawa ndiye aliyekuwa Waziri wa Ulinzi mwaka 1978, lakini ni nani anayemkumbuka kwa hilo? Maneno yanayokumbukwa ni ya Amiri Jeshi Mkuu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu za kumpiga tunazo, na nia ya kumpiga tunayo. Uwanjani kulikuwa na makamanda Msuguri, Mayunga na wenzao. Waziri alikuwa nyuma ya pazia.

Kwa hiyo hoja ya wanaomtetea waziri si hoja dhaifu. Wanasema: mtu hawajibishwi kwa jambo asilo na mamlaka nalo. Kutunza mabomu ni kazi ya kitaalamu, yenye maofisa waliosomea, kanuni zake na wakaguzi wake. Ukimfukuza waziri, daktari wa binadamu kitaaluma, kwa sababu baruti iliyokaa miaka mingi imelipuka, umemtoa kafara tu, na ghala linabaki vilevile. Wanaongeza kwamba waziri akiwa anaweza kung'oka kwa kila tukio la kambini, naye atataka kuingiza mikono kambini, ataanza kupiga simu kwa makamanda, na hapo ndipo mstari uliochorwa 1964 utakapofutika. Binafsi naiona hoja hii ya mwisho kuwa nzito kuliko zote.

Upande wa pili nao una Katiba mkononi. Ibara ya 53 inasema mawaziri wanawajibika bungeni kwa utekelezaji wa shughuli za Serikali. Mkuu wa Majeshi hawajibiki bungeni; haingii ukumbini kujibu maswali. Rais naye hasimamishwi na mbunge kuulizwa swali la nyongeza. Basi kama waziri akisema "si mimi", mwananchi aliyefukiwa na ukuta Gongo la Mboto amuulize nani? Ukimvua waziri amri ya kijeshi, kisha ukamvua na uwajibikaji wa kisiasa, anabaki na nini zaidi ya gari na hotuba ya bajeti?

Mimi nakubaliana na upande huu, ila kwa mpaka. Mbagala ilipolipuka, waziri alikuwa na mwaka mmoja na kitu tu katika kiti. Kumtaka aondoke ilikuwa haraka. Gongo la Mboto ni habari nyingine. Haikufika hata miaka miwili. Swali la kumuuliza waziri halikuwa "nani alipanga makombora vibaya". Swali lilikuwa: baada ya Mbagala uliuliza nini? Ulitaka orodha ya maghala yote yaliyozungukwa na makazi? Uliombea fedha za kuyahamisha, na kama uliomba ukanyimwa, ulisema wapi? Hayo yote yamo ndani ya uwezo wa raia asiyejua kushika bunduki. Waziri asipoulizwa hayo, tumekubali kwamba yeye ni msemaji wa jeshi bungeni na si mwakilishi wa umma mbele ya jeshi.

Halafu ikaja 2013, na mambo yakageuka juu chini. Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili, ilichanganya JWTZ, polisi na askari wa wanyamapori. Malalamiko ya mauaji, mateso na mifugo kuporwa yakafika bungeni, operesheni ikasimamishwa, na kamati ya Bunge iliyoongozwa na mbunge James Lembeli ikaleta taarifa Desemba. Siku hiyohiyo Waziri wa Maliasili, Khamis Kagasheki, alijiuzulu, na Rais Kikwete akatengua uteuzi wa wengine watatu, akiwemo Waziri wa Ulinzi, Shamsi Vuai Nahodha. Nahodha hakuwa kamanda wa operesheni ile, na wala wizara yake haikuwa mwenyeji wake. Lakini aliondoka.

Yaani, kiti kilekile: mmoja ghala la jeshi linalipuka mara mbili anabaki, mwingine askari wake wanalalamikiwa katika operesheni ya pamoja anaondoka. Wapo watakaosema tofauti ni wingi wa makosa, na wapo watakaosema tofauti ni kelele za wabunge wa chama tawala, ambazo 2013 zilikuwa kubwa mno. Mimi naona tofauti ni kwamba hatuna utaratibu. Kuondoka au kubaki kunategemea upepo wa siku ile na uamuzi wa Rais. Na Dk. Mwinyi, kwa taarifa ya waliosahau, alirudishwa Ulinzi mwaka 2014 akakaa hadi alipokwenda kugombea urais wa Zanzibar 2020.

Mjadala unaopendwa zaidi na watu ni ule wa kama waziri huyu awe mwanajeshi. Tumewahi kumchukua Jenerali Abdallah Twalipo, aliyetoka ukuu wa majeshi akaingia uwaziri mwaka 1980. Enzi za chama kimoja mpaka kati ya chama na kambi ulikuwa mwembamba. Baada ya vyama vingi kurudi 1992, mwanajeshi aliyeko kazini hawezi kuwa mwanachama wa chama, kwa hiyo hawezi kuwa mbunge wala waziri. Septemba 2021 Rais Samia alimteua Dk. Stergomena Tax, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo, akasema waziwazi kwamba anavunja dhana kuwa pale panahitaji mwanaume mwenye misuli, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya sera na utawala. Alikuwa sahihi, na kwa maoni yangu jenerali mstaafu angekuwa waziri mbaya zaidi kwa kazi ninayoisema hapa: angewauliza maswali maofisa aliowalea mwenyewe.

Kenya wamejaribu njia nyingine. Katiba yao ya 2010 inamweka Waziri wa Ulinzi kuwa mwenyekiti wa Baraza la Ulinzi, huku Mkuu wa Majeshi na makamanda wa vikosi wakiwa wajumbe. Amri ya vita bado ni ya Rais, lakini sahihi ya waziri inaonekana. Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bunge la Nairobi, Waziri Aden Duale alitoa tangazo katika gazeti rasmi la Serikali kwamba jeshi litasaidia polisi. Kesho yake Bunge likapitisha. Chama cha wanasheria kikaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikaruhusu jeshi libaki lakini ikaagiza Serikali itangaze mipaka na muda wa kazi hiyo. Sisemi Wakenya walifurahia. Wengi walikasirika. Ila kulikuwa na karatasi, tarehe na jina la mtu wa kumshtaki. Kwetu, wanajeshi walipoonekana mitaani Dar es Salaam baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 2025, aliyetokea kwenye televisheni ya taifa kulizungumzia alikuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Jacob Mkunda. Ukitaka kumuuliza jenerali swali bungeni, mlango haupo.

Sidhani tunapaswa kuiga baraza la Kenya lote kama lilivyo; kumweka mwanasiasa kiti cha mbele mezani na makamanda kunaweza kuleta yaleyale tuliyoyakimbia. Lakini kuna jambo dogo linalowezekana bila kugusa ibara ya 148. Pakitokea vifo vya raia vinavyohusu jeshi, waziri apewe muda maalumu wa kuleta taarifa bungeni: nini kimetokea, aliuliza nini kabla, alijibiwa nini. Ya siri yaishie kwenye Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, milango ikiwa imefungwa. Yasiyo ya siri, kama majina ya waliokufa, fidia na umbali wa ghala kutoka shule ya msingi, yasomwe hadharani. Wabunge wakiona taarifa haitoshi, wapige kura ya kumtaka Rais amwondoe waziri huyo, bila kusubiri kelele zizidi.

Kikwazo ni kwamba wajumbe wa kamati hiyo wengi wao ni wa chama cha waziri, na wengi wanatamani siku moja wakae kwenye kiti hichohicho.