Ushauri wa Korosho Unaovuka Ruvuma: Tuufungie Mlango au Tuupime Kwanza?

Mwezi wa 6 ukiingia, mikorosho ya Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea huanza kutoa mashada, na simu za wakulima nazo huanza kulia. Siku hizi kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na mkulima wa Ruangwa, wa Kilifi nchini Kenya, wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, mtu anayefanya kazi na wanunuzi wa India na muuza pembejeo wa Mtwara mjini. Mmoja anatuma picha ya shada lililopakwa unga mweupe, anauliza apige dawa gani. Majibu yanamiminika: gramu kadhaa, lita kadhaa, baada ya siku kadhaa. Kila jibu laweza kuwa sahihi kabisa huko lilikotoka na bado likamtia hasara aliyeuliza. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaotaka wakulima wa kila nchi wazungumze peke yao, na wapo wanaoona kwamba kufunga mlango ni kujinyima elimu.

Tuanze na wanaotaka kufunga, maana hoja yao ina uzito kuliko wengi wanavyoipa.

Chukua salfa. Kwetu Kusini ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye mashada, hupigwa zaidi kwa salfa ya unga, ile inayopulizwa kavu kwa bloa, yaani mashine ya kupulizia. Kiwango kilichozoeleka ni gramu 250 kwa mti mkubwa kwa raundi moja, na raundi hurudiwa kila baada ya siku 14. Raundi tano zinafika kilo 1.25 kwa mti. Sasa aje mtu mwenye ushauri uliotoka India aandike: "salfa gramu 3 kwa lita moja ya maji." Hajadanganya. Ila salfa anayoizungumzia ni nyingine, iliyotengenezwa ili ichanganywe na maji. Ukiichukua salfa yetu ya unga ukaimwaga kwenye pampu, itaelea juu ya maji, itajikusanya mabonge na kuziba nozeli. Mashada hayapati kitu, na ubwiri hausubiri mtu asafishe pampu.

Upande wa Msumbiji dawa za maji ndizo zilizozoeleka zaidi, na nafasi kati ya raundi nazo ni tofauti. Dawa nyingi za maji hurudiwa baada ya siku 21. Mkulima wa salfa akiisoma hiyo "21" bila kujua inahusu dawa gani, atauacha mti wiki nzima bila kinga, tena wiki ambayo mashada ni machanga na hushikwa upesi. Shada lililoungua kwa ubwiri halirudi kuchanua. Msimu wa mti huo umekwisha palepale, mwezi wa 7, wakati mnada wa kwanza bado uko mbali.

Halafu kuna eneo. Mkulima wetu anahesabu kwa eka. Vitabu na wenzetu wa Msumbiji wanahesabu kwa hekta, na hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, eka moja inabeba mikorosho 28 na hekta inabeba 69. Raundi moja ya salfa ni kilo 7 kwa eka, au kilo 17 na kidogo kwa hekta. Anayezichukua zile 17 akazimalizia kwenye eka yake anapiga zaidi ya gramu 600 kwa mti. Mfuko wa kilo 25 uliotosha eka tatu na nusu unaishia eka moja na nusu, na salfa ya ziada inashuka ardhini. Udongo wa kichanga wa Uwanda wa Makonde hauna nguvu ya kuhimili tindikali hiyo mwaka baada ya mwaka, hivyo hasara haiishii mfukoni.

Hata alama za kuandikia namba zinatutenganisha. Waliosoma kwa Kireno huweka mkato pale sisi tunapoweka nukta, na nukta pale sisi tunapoweka mkato. "1,250" ikitoka Pemba ya Msumbiji ni moja na robo; ikisomwa Masasi ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwenye kilo za salfa kwa mti kosa hilo linajifichua lenyewe kwa ukubwa wake. Kwenye mililita za dawa halijifichui. Lebo za dawa nazo ni hivyohivyo: nyingine huandika nguvu kwa asilimia, nyingine kwa gramu katika lita, kwa hiyo dawa ya 5% na ile ya gramu 50 kwa lita ni kitu kimoja. Anayedhani ya pili ina nguvu mara kumi ataizimua hadi isiue hata mdudu mmoja.

Na saa. Salfa hupulizwa alfajiri na asubuhi, kuanzia saa 12 hadi saa 3, majani yakiwa na umande unaoushika unga na upepo ukiwa bado umelala. Anayeisoma saa kama simu inavyoionyesha ataandika "6 hadi 9". Mzee wa Liwale akisoma hivyo anaelewa saa 6 mchana hadi saa 9 alasiri: jua kali, majani makavu, upepo umeamka. Unga unahamia shamba la jirani na machoni mwa mpulizaji, na ule uliobaki waweza kuunguza majani. Kwa mikutano inayopangwa kwa simu ongeza jambo hili: Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa 2 asubuhi ya Palma ni saa 3 ya Mtwara.

Kwa mambo hayo tu, anayetaka mlango ufungwe ana haki ya kusikilizwa. Mkulima mpya, mwenye eka mbili na pesa ya salfa aliyokopa, hana namna ya kujua namba ipi ni yake.

Ila kuna upande wa pili, na bila huo tutafanya uamuzi wa haraka.

Kwanza, bei yetu haipangwi Mtwara peke yake. Korosho za Ivory Coast, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na za majirani zake huvunwa kuanzia mwezi wa 2 hadi wa 6. Za India kuanzia mwezi wa 2 hadi wa 5. Zetu na za Msumbiji zinaingia sokoni kuanzia mwezi wa 10. Viwanda vya Vietnam na India vinanunua kotekote. Mkulima wa Lindi anayesikia mwezi wa 5 kwamba maghala ya huko yamejaa na wanunuzi wanasuasua, ana miezi mitano ya kujipanga: akope kiasi gani, apalilie eka ngapi kwa vibarua, asiweke ahadi ya ada kwa bei ya mwaka jana. Taarifa hiyo haiwezi kuzaliwa ndani ya kundi la kata moja.

Hata hapo inahitaji kusomwa kwa akili. Ubora wa korosho ghafi hupimwa kwa ratili (pauni) za kokwa katika gunia la kilo 80. Wapo Wahindi wanaotaja asilimia. Mtu akisikia korosho zetu ni 48 na zao ni 28, atajisifu bure. Ratili 48 ni kilo 21.8, na hizo katika kilo 80 ni asilimia 27. Korosho za 28 ndizo bora kidogo.

Pili, magonjwa na wadudu. Mnyauko fuzari, unaoua mkorosho mzima kupitia mizizi, husafiri na udongo, miche na majembe. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, juu ya mto Ruvuma mpakani na Msumbiji, liko wazi tangu 2010, ndugu wako pande zote mbili za Ruvuma, na miche inavuka pamoja na watu. Mkulima wa ng'ambo akituma picha ya mti ulionyauka upande mmoja, hiyo ni taarifa yenye thamani kuliko kipeperushi chochote. Mbu wa mikorosho naye yuko hapa na ana ndugu zake India. Madoa meusi anayoyaacha kwenye vitawi vichanga yanafanana, na Wahindi wamepambana naye miaka mingi. Salfa haimgusi mdudu huyo. Wapo wakulima wetu wanaoendelea kumpulizia salfa, na mara nyingi wa kwanza kuwakosoa ni mtu wa mbali.

Tatu, na kwangu hii ndiyo nzito: kutenganisha nchi hakuondoi mkanganyiko. Newala juu ya uwanda, kwenye ukungu wa asubuhi, si Kilwa pwani; mashada hayatoki wiki moja wala ubwiri haushambulii kwa kasi moja. Lebo za hekta zinauzwa Mtwara mjini. Bei yenyewe inatuchanganya sisi kwa sisi: mmoja anataja bei ya mnada, mwingine anataja alichopokea baada ya makato ya chama na ghala, na wote wawili wanasema "bei ya korosho". Ukiongeza Mkenya anayetaja shilingi zake, ambazo moja ni takribani 20 za kwetu, au Mmakonde wa Mueda anayetaja metikali, ambayo moja ni kama shilingi 40, umeongeza tatizo lilelile, hujaleta jipya.

Kwa hiyo mimi nasimama na wanaoacha mlango wazi, ila si kwa kila kitu. Picha za magonjwa, habari za mavuno, mbinu za kukausha na kuhifadhi, upogoaji: hayo yapite bila kizuizi. Kipimo cha dawa na bei ni habari nyingine. Kipimo kisitumwe mbele kama hakina vitu vitano: nchi kilikotoka, jina la kiambato (kemikali yenyewe inayofanya kazi) kama kilivyo kwenye lebo na si jina la biashara tu, kama ni unga wa kupuliza kavu au ni ya kuchanganywa na maji, kiasi kwa mti badala ya eka au hekta, na hatua ya shada. Mti ni mti popote. Ndiyo maana kipimo kwa mti hakipotoki kirahisi. Hatua ya shada nayo ni bora kuliko tarehe, kwa sababu Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, Kilifi ina masika na vuli, na Afrika Magharibi huchanua wakati sisi tunavuna au tumemaliza.

Watasema hiyo ni kazi ya ziada, na kwamba mkulima aliyechoka hataandika yote hayo. Ni kweli. Basi kazi iwe ya msimamizi wa kundi: kipimo kisichokamilika akifute na amwombe mwenyewe akiandike upya. Na kabla ya mtu kununua, dawa ihakikishwe kwa afisa ugani wa kata au kwa watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, Mtwara, kama inafaa kwa tatizo lake, na kama imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Usajili wa nchi jirani hauhesabiki hapa. Chupa iliyovushwa mpakani ikishindwa kufanya kazi, hakuna muuzaji wa kumrudia.

Bei nayo itajwe kwa shilingi ya Tanzania, kwa kilo, ikielezwa ni kabla au baada ya makato, pamoja na tarehe ya mnada. Bei isiyo na hayo ndiyo anayoitumia mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua kwa magendo nje ya mnada, kumwambia mama wa kijijini kwamba soko limeanguka, auze leo kwa bakuli.